Ukivuka Ziwa Wakati wa Likizo, Tafuta Riwaya za Zamani

Wamama wengi wa Katanika wanaovuka ziwa kwenda Kigoma kusalimia ndugu hurudi na nguo na vyombo. Wachache hurudi na kitabu. Na ng'ambo ile kuna riwaya za Kiswahili ambazo huku kwetu ni shida kuziona, na hata kwao zinaanza kupotea.

Kwa nini tujisumbue? Shuleni watoto wetu wanashika vitabu vya Kifaransa. Kiswahili wanakisema tu. Mtoto asipoiona lugha ya mama yake ndani ya kitabu, atadhani ni lugha ya sokoni basi.

Tutafute zipi? Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar ilitoka 1960. Ndani yake yuko Bwana Msa, mpelelezi mwenye akili nyingi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, inasimulia binti aliyebanwa na baba mkali, halafu akapotea alipotoka nyumbani. Huko Tanzania iliwahi kukatazwa mashuleni. Mama aisome kwanza mwenyewe, ndipo ampe binti aliyekua. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980, nayo inagusa binti aliyefungiwa ndani. Na usiache Mali ya Maskini ya Zainab Burhani, ya 1981, iliyoandikwa na mwanamke mwenzetu.

Umri wa kitabu utaujuaje? Fungua ukurasa unaofuata jina la kitabu. Ukiona East African Literature Bureau, ujue umeshika kitu cha zamani: ofisi hiyo ilianza 1948, na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoibeba ilivunjika 1977. Tanzania Publishing House ilianza 1966. Angalia pia kama ni toleo la kwanza au kimechapwa tena. Wanaokusanya vitabu hupenda toleo la kwanza. Kwa kusoma tu, la baadaye linatosha.

Riwaya nyingi zilisomwa mashuleni, kwa hiyo zitafute katikati ya vitabu vya shule, dukani na sokoni. Ukipanda treni mpaka Dar es Salaam, pita kwa wauza vitabu vya mtumba wanaovitandaza kando ya barabara katikati ya mji. Uliza "vitabu vya hadithi vya zamani", na usionyeshe haraka, maana bei itapanda. Kabla ya kulipa, hesabu kurasa: hadithi isiyo na mwisho ni hasara. Nusa pia kama kina ukungu.

Lakini kwanza weka kando nauli ya kurudi na minervali ya watoto. Kitabu kinunuliwe kwa kinachobaki.

Ndani ya boti kifunge kwenye plastiki, mawimbi hayana huruma. Nyumbani usikiweke chini, mchwa watakimaliza. Ukurasa uliopasuka usiubandike gundi ya karatasi, baadaye huacha doa.

Vikundi vyetu vinaweza kugawana kazi: kila msafiri alete riwaya moja tofauti, izungushwe kwa zamu, na daftari liandike nani anayo. Basi mama anayejiandaa kuvuka aandike majina haya manne kwenye karatasi, ayaweke pamoja na hati zake za safari.