HASIRA NA WIVU

Mara nyingi hapa shuleni mwanafunzi husema, "Nimemkasirikia Fulani," kumbe akiulizwa huyo Fulani kamkosea nini, hana la kujibu. Huyo pengine ana wivu. Mambo haya mawili huchanganywa sana, na asiyejua ugonjwa wake hunywa dawa isiyo yake. Basi yafaa tuyatenganishe.

Kwanza tutazame mawazo. Hasira hutazama tendo lililokwisha kutendeka. Mwenzio amechukua daftari lako bila ruhusa akalichafua: kosa walijua, mkosaji wamjua, nawe wataka aombe radhi. Wivu hutazama jambo ambalo pengine halitatokea kamwe. Rafiki yako wa tangu kidato cha kwanza ameanza kudurusu jioni pamoja na mwanafunzi mgeni. Hakuna aliyekutukana, lakini wajiuliza moyoni, "Je, ataniacha? Huyu mgeni ana nini nisicho nacho?" Hasira yatosha watu wawili; wivu huhitaji watatu: wewe, umpendaye, na yule unayehofu kwamba atakupokonya.

Sasa tutazame mwili. Profesa Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alitoa kitabu mwaka 1915 akieleza kuwa katika ghadhabu na hofu tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo hutia adrenalini katika damu. Hapo moyo huenda mbio, ini hutoa sukari ili misuli ipate nguvu, na tumbo hupunguza kazi yake kwa muda. Mwaka 1983 Paul Ekman na wenzake wawili walipima joto la vidole, wakaona kuwa katika hasira vidole hupata moto zaidi kuliko katika hofu. Si ajabu basi watu kusema kwamba mwenye hasira damu inamchemka.

Wivu hauna alama moja mwilini iliyo yake peke yake. Ni mchanganyiko wa hofu, huzuni na hasira, kwa hiyo mtu mara huwaka, mara huingiwa na baridi. Tena hasira ni moto wa makuti: huwaka ghafula, na usipochochewa huzimika. Wivu ni kaa chini ya jivu: hukaa siku nyingi, ukamnyima mtu usingizi na hamu ya chakula, naye kila siku hutafuta ushahidi mpya.

Kwa hiyo dawa zake ni mbalimbali. Mwenye hasira na angoje kwanza, atembee kidogo, ndipo aseme. Lakini mwenye wivu akingoja kimya hujichochea mwenyewe. Afadhali amwendee rafiki yake amwulize waziwazi, "Je, tungali pamoja?" Jibu lake huenda likawa jepesi kuliko mashaka ya mwezi mzima.

Wazazi nao huyaona haya nyumbani. Mtoto wa miaka mitatu ampigaye mdogo wake mchanga hakukosewa na mchanga huyo. Aogopa kwamba nafasi yake kwa mama imekwisha. Akichapwa tu, ataona kuwa hofu yake ilikuwa kweli. Akatazwe, kisha apakatwe.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapofadhaika, kabla ya kuinua mkono au ulimi jiulize swali hili moja: Nimekosewa, au naogopa?