Kibarua wa Hoteli, Lipwa kwa Nambari Yako
Mechi kubwa ikiwa Bukhungu, au mahafali ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro yakifika, hoteli za Lurambi huita vibarua: weita, wapishi, waosha vyombo. Shida huja jioni, pesa ya wote ikitumwa kwa simu ya supavaiza. Nani amekatwa ngapi?

Supavaiza, tuma kwa kila mtu moja kwa moja. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kibarua alipwe siku ikiisha. Ukilipa wazi, msimu ujao watakuja.

Kibarua, usifute meseji za malipo. Ukifanya kazi siku mfululizo zikafika mwezi, sheria hiyo inakuhesabu mfanyakazi wa mwezi. Meseji hizo zitakusaidia kuthibitisha.