Mwaka wa Kwanza Juu ya Kinga

Watu wengi wanawaza ya kwamba mtu akiweza kukaa juu ya kinga bila kuanguka, amekwisha kujua kinga. Sivyo. Kukaa bila kuanguka, mtoto anajifunza kwa siku chache katika kiwanja cha masomo. Lakini kwenda mbali juu ya njia kubwa, kilometa 30, 50, 80, na kurudi nyumbani na magoti mazima na ngozi nzima, hiyo inaomba mwaka. Tunataka kueleza mwaka huo, mwezi kwa mwezi, na mambo ambayo mwili unafanya ndani yake. (Tunasema kinga ya magurudumu mawili, ile wengine wanaita velo ao baiskeli. Kinga ya sindano ni habari ingine, lakini utaiona vilevile mbele kidogo.)

Tuseme kijana wa Lubumbashi ananunua kinga ya mwendo katika mwezi wa tano, mvua ikiwa imekwisha. Njia ni kavu, asubuhi kuna baridi, hewa ni nzuri. Yeye anatamani jambo moja: kufika Likasi. Ni karibu kilometa 120. Siku ya kwanza anafika kilometa 10 tu, kifua kinawaka, anarudi amekunja uso. Kiisha juma la tatu anapita pahali pale pale bila kuhema. Anafurahi, anawaza: «Sasa niko na nguvu.»

Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mwili haujifunzi wote pamoja. Damu ndiyo inajifunza mbele. Katika majuma mawili matatu ya kwanza maji ya damu yanaongezeka, na moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Kwa hiyo pumzi inakuja upesi. Nyama ya miguu inafuata: mishipa midogo ya damu inazaliwa ndani yake, nayo inajifunza kuchoma mafuta ya mwili pahali pa kumaliza sukari yote. Kazi hiyo ni ya miezi. Lakini kamba zile nyeupe zinazofunga nyama kwenye mifupa, pamoja na gegedu ya goti, zinapata damu kidogo sana. Zinakomaa polepole kupita vyote.

Hapa ndipo hatari iko. Katika mwezi wa tatu ao wa nne mtu ana moyo wa mtu mwenye mazoezi na goti la mtu wa jana. Anaongeza mwendo, anapanda mlima kwa hasira, na asubuhi moja hawezi kushuka ngazi. Ni wakati huo tunawaona hospitalini. Wanasema: «Munganga, pumzi iko, lakini goti njo inakataa.» Munganga haoni ajabu. Dawa yake ni kupumzika, na kiisha kurudi na kipimo: ukizoea kilometa 20, juma lijalo fanya 22 ao 23, usifanye 40. Kila juma la nne punguza. Mtu anayefuata namna hii anaonekana kama mvivu katika mwezi wa tatu, lakini katika mwezi wa kumi yeye bado yuko njiani.

Tena, mbele ya kulaumu goti, angaria kiti. Mtu anayezungusha pedali mara 70 kwa dakika anakunja kila goti mara 4,200 kwa saa. Kosa dogo la kiti linarudiliwa mara 4,200. Wanaoanza wanapenda kiti cha chini, kwa sababu wanataka miguu yote miwili ifike udongo. Tunaelewa woga huo, lakini kiti cha chini kinakunja goti kupita kiasi, na maumivu yanakuja mbele ya goti, chini ya kile kifuniko cha mfupa. Kiti cha juu sana kinaleta maumivu nyuma ya goti, na kiuno kinacheza huku na huku kama mtu anayecheza ngoma.

Namna ya kupima haiombi fedha. Egemea ukuta, kaa juu ya kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Sasa vuta mguu nyuma, ile sehemu pana ya mbele ya mguu ikae juu ya pedali: goti litabaki limekunjwa kidogo. Inatosha hivyo. Kama kiti kilikuwa chini sana, usikipandishe chote siku moja. Pandisha nusu ya upana wa kidole, enda siku chache, kiisha pandisha tena. Na funga uzi ao chora alama pale kinapofika, maana ndugu zako watakuomba kinga, na kila mmoja atashusha kiti.

Kuna jambo ambalo watu wanaona haya kuliuliza: ganzi. Vidole viwili vya mwisho vya mkono vinalala, kwa sababu mshipa wa fahamu unabanwa juu ya usukani. Geuza mikono mara kwa mara, usikaze viwiko. Na sehemu za siri vilevile zinaweza kulala, kwa wanaume na kwa wanawake, kwa sababu kiti kinabana mishipa pale katikati. Usicheke, usinyamaze. Simama juu ya pedali kwa muda mfupi kila dakika kumi hivi, na ncha ya kiti isiangarie mbingu. Ganzi ikibaki kiisha kushuka, ao ikirudi kila siku, acha kinga na uje kuonwa. Majipu ya matakoni yanatoka kwa jasho na kusuguana. Dawa ya kwanza ni maji na sabuni mara tu ukifika nyumbani, na suruali fupi iliyofuliwa na kukauka. Usiyakamue.

Juu ya milima, mwalimu mzuri si kijana wa mashindano. Ni yule baba anayeleta makala mjini. Kinga yake iko na magunia mawili ao matatu, haina vitesi. Mwangarie pale njia inapoanza kupanda. Yeye hangoji nguvu ziishe. Anashuka mapema, anasukuma bila haraka, na akifika juu bado anaweza kusema nawe. Anayeanza anaona haya kushuka, basi anakanyaga pedali kwa uzito wote, mara 30 kwa dakika, na kila pigo linaumiza goti. Kama kinga yako iko na vitesi, tumia kile chepesi mbele ya mlima kuanza, si katikati. Kama haina, shuka. Hakuna mtu anayekuhesabu.

Sasa chakula. Sukari inayowekwa katika ini na nyama ya mwili inatosha karibu saa moja na nusu ao mbili za kazi nguvu. Ikiisha, mtu anaanza kutetemeka, jasho la baridi linatoka, macho yanaona giza, anakuwa na hasira bila sababu. Wengine wanasema wamerogwa njiani. Ni njaa tu. Kula mbele ya njaa: ndizi, kipande cha muwa, viazi vitamu vilivyopikwa, mkate. Kama dalili zimekwisha kuanza, shuka, kaa, kula kitu cha sukari, ngoja robo saa. Maji ni vilevile: chupa moja ndogo kwa saa, zaidi kidogo jua likiwa kali, na yawe maji yaliyochemshwa ao yaliyotiwa dawa. Usinywe mto kwa sababu una kiu. Bia si maji.

Tunafika kwa jambo ambalo kwetu ni kubwa kupita yote haya: kutofautisha uchovu na ugonjwa. Katika mwaka wa kwanza mtu anachoka kila siku, basi anazoea kusema «ni kinga tu». Kwa inchi yetu neno hilo linaweza kuua.

Fausto Coppi wa Italia alikuwa bingwa wa kinga wa dunia nzima. Alishinda mashindano ya Tour de France mwaka 1949 na tena 1952, na Giro d'Italia mara tano. Katika mwezi wa 12 wa mwaka 1959 alikuja Haute-Volta, inchi inayoitwa sasa Burkina Faso, pamoja na wenzake, kushindana na kuwinda. Aliporudi kwao, homa ikamshika. Wanganga wa kule hawakuwaza malaria. Tarehe 2 mwezi wa kwanza 1960 akafa, akiwa na miaka 40. Mwenzake Raphaël Géminiani, Mfaransa, alikuwa naye katika safari ile na alishikwa na ugonjwa ule ule. Damu yake ilipimwa, malaria ikaonekana, akapewa kinini, akapona. Aliishi hata mwaka 2024, akafikisha miaka 99. Miguu ya Coppi ilikuwa na nguvu kupita yetu sote, lakini haikumsaidia kitu mbele ya mdudu wa mbu. Kilichowatenganisha wawili hawa ni tone la damu juu ya kioo.

Kwa hiyo jifunze kuhesabu moyo wako. Asubuhi, mbele ya kutoka kitandani, weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono na hesabu mapigo kwa dakika nzima. Andika. Mtu aliyeanza na mapigo 72 anaweza kukuta 64 kiisha miezi mingi ya mazoezi. Ni alama kwamba moyo umejifunza. Lakini ukikuta siku moja yamepanda kwa 10 ao zaidi, usipande kinga siku hiyo. Labda ni uchovu, labda homa inakuja. Ukisikia baridi, kichwa kinauma, viungo vinauma na mwili una moto, usingoje jioni: enda kupimwa damu.

Na kama miezi mitatu imepita, unakula, unalala, unafanya mazoezi na kipimo, na bado unahema pale pale ulipohema siku ya kwanza, angaria ndani ya jicho la chini na viganja vya mikono. Kama ni vyeupe, labda damu imepunguka. Minyoo, malaria ya kurudi-rudi, kwa wanawake damu nyingi ya mwezi, zote zinapunguza damu. Wengine wamezaliwa na ugonjwa wa damu wa SS. Mtu wa namna hii haombi mazoezi zaidi. Anaomba kupimwa.

Mwezi wa 10 ao wa 11 mvua inarudi, na hapo njia inaanza somo jipya. Mvua ya kwanza ni mbaya kupita zingine, kwa sababu vumbi na mafuta ya miezi mitano vinachanganyika na maji juu ya lami, inakuwa kama sabuni. Freni za mpira hazishiki gurudumu lenye maji mara moja. Zigusishe kidogo mapema ili zifute maji, kiisha kaza. Anayeanza anaogopa freni ya mbele, anatumia ya nyuma tu. Lakini ukifunga freni, uzito wote unakwenda mbele, na gurudumu la nyuma linateleza. Tumia zote mbili pamoja, sukuma matako nyuma, nyoosha mikono. Na kumbuka hesabu hii: ukienda mbio mara mbili, freni zinaomba urefu mara nne ili usimame. Mteremko ule uliopanda kwa dakika ishirini unaweza kukuua kwa dakika mbili.

Kamio za migodi zinapita usiku na mchana kwenye njia ya Likasi na ya Kasumbalesa. Kamio inapokupita, upepo wake unakusukuma kwanza, kiisha unakuvuta. Shika usukani bila kukaza, enda mstari mmoja, usigeuke kuangaria. Usishike nyuma ya kamio ili ikuvute. Tumewafunga wengi waliofanya hivyo. Kwetu tunakwenda upande wa kuume. Ukivuka Kasumbalesa kuingia Zambia, upande unageuka kuwa wa kushoto, na kichwa kinasahau, zaidi sana pale njia mbili zinapokutana.

Hata mwenye akili ataanguka mara moja katika mwaka. Kidonda cha mchanga sherti kioshwe na maji safi mengi na sabuni, mpaka mchanga wote utoke, hata kama kinauma. Kiisha uliza: sindano ya tetanosi ya mwisho ilikuwa lini? Hii ndiyo kinga ile ingine tuliyosema. Sindano za utoto hazitoshi kwa maisha yote. Mtu akianguka juu ya bega na hawezi kupandisha mkono, labda mfupa wa juu ya kifua umevunjika. Funga mkono kwa kitenge shingoni, mlete. Mtu akilalamika shingo, msimkalishe, msimvute. Na aliyepiga kichwa, hata kama alisimama na kucheka, mwangarie mpaka kesho: akitapika, akilala usingizi usio wa kawaida, akisema maneno yasiyofuatana, mlete usiku ule ule. Kofia ngumu inapunguza hayo mengi. Ikipigwa mara moja kwa nguvu, imemaliza kazi yake hata kama haionekani kupasuka.

Mwezi wa tano ukirudi, kijana wetu anaweza kwenda Likasi. Aondoke alfajiri, na taa nyuma, na ndizi mfukoni, na mpira wa ndani wa pili. Upepo ukiwa mbele yake afanye saa sita ao saba, na alale kule. Kurudi ni kesho yake, kama mapigo ya asubuhi hayakupanda.