Dereva akiogopa kusema, hasara humrudia tajiri

Wamiliki wengi wa malori huamini kuwa adhabu kali hupunguza makosa. Mara nyingi kinachopungua ni taarifa tu.

Mwaka 1996 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichapisha utafiti kuhusu makosa ya utoaji dawa hospitalini. Vitengo vyenye viongozi wanaoaminika viliripoti makosa mengi zaidi, kwa kuwa wafanyakazi wake hawakuogopa kuyataja.

Barabarani mambo ni hayo hayo. Lakiri ya kontena la transiti ikikatika njiani, dereva anayejua kuwa atakatwa mshahara bila kusikilizwa hunyamaza hadi mpakani. Hapo forodha huweza kuzuia gari na mzigo, na dhamana iliyowekwa kwa mzigo huo huwa hatarini. Angepiga simu mapema, wakala angewahi kutoa taarifa forodha.

Hii haina maana kwamba uwajibikaji uondolewe. Tajiri atofautishe kosa lililoripotiwa mara moja na lile lililofichwa. La kwanza lichunguzwe, la pili liadhibiwe. Utaratibu huo ujulikane kabla ya safari, na umbane meneja kama unavyombana dereva.