Mnyanya umenyauka ghafla? Ukate shina kabla hujanunua dawa

Mafia. Kwa familia za Ghuba ya Chole, minyanya michache nyuma ya jiko inaokoa hela ya mboga. Nyanya za bara zinavuka bahari kwa boti, na gharama ya safari inamwangukia mnunuzi.

Kwa hiyo mmea ukinyauka, ni rahisi kukimbilia duka la pembejeo. Shida ni kwamba ugonjwa unaonyausha nyanya haraka zaidi hauna dawa ya kupuliza. Hela inakwenda, na mmea unakufa vilevile.

Joto la pwani lina ugonjwa wake

Ushauri mwingi wa nyanya unazungumzia bakajani chelewa, ugonjwa unaopenda baridi na ukungu wa nyanda za juu kama Iringa na Lushoto. Utende, Chole, Juani na Jibondo ni sehemu za joto. Joto likikutana na udongo uliolowa, hasa wakati wa masika, anayetamba ni mnyauko bakteria.

Dalili yake: mmea unalegea ghafla huku majani yakiwa bado ya kijani.

Kipimo cha glasi

Kata kipande cha shina karibu na ardhi. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi, upande uliokatwa ukiwa ndani ya maji, na usikitikise.

Subiri dakika tano. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria.

Ng'oa mmea pamoja na mizizi na udongo wake, uuchome moto. Usiutupe kwenye mboji. Bakteria hawa wanakaa ardhini miaka mingi na wanasafiri kwa maji, jembe na hata udongo ulioganda kwenye viatu.

Hakuna uzi? Angalia mizizi

Mizizi yenye vinundu vinundu ina minyoo fundo, ambayo hupenda sana udongo wa kichanga.

Kama mizizi haina vinundu, lakini majani ya chini yalianza kuwa ya njano, mara nyingi upande mmoja, na ndani ya shina kuna rangi ya kahawia, shuku mnyauko fusari. Huu ni ugonjwa wa kuvu, nao hautibiki mmea ukishaugua.

Mmea unaolegea mchana na kusimama tena jioni huenda una kiu tu.

Tunda jeusi kitakoni

Hapa hakuna mdudu wala kuvu. Mmea umekosa kalisi kwenye tunda, mara nyingi kwa sababu unamwagiliwa leo, kesho unasahaulika. Maji ya kisima chenye chumvichumvi huongeza tatizo. Mwagilia kwa ratiba na funika udongo kwa majani makavu.

Kinga ndogo, faida kubwa

• Palipokufa mnyanya, usipande tena nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka mitatu au zaidi. Weka mahindi.

• Uwanja ni mdogo? Panda kwenye ndoo au viroba vilivyotobolewa chini, kwa udongo uliotoka mbali na mmea mgonjwa.

• Udongo wenye shaka uloweshe, uufunike kwa nailoni angavu na uuache juani wiki nne hadi sita. Joto hupunguza vimelea.

• Osha kisu na jembe kwa sabuni kabla ya kuhamia mmea mwingine.

• Uliza mbegu zinazostahimili. Tengeru 97, iliyotoka kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, inavumilia mnyauko fusari na minyoo fundo.

Bado una shaka? Mpelekee afisa ugani mmea mzima ukiwa na mizizi yake. Jani moja halitamwambia kilichoko ardhini.