Manahodha Wengi, Chombo Kimoja

Tuseme kikundi chenu huko Msambweni au Diani kimepewa laptopu iliyotumika, yenye Linux. Mwaitumia kwa hesabu za akiba, na betri yachajiwa kwa sola. Lakini kioo chawaka kwa mwanga mkali, na mkibonyeza kitufe cha kuupunguza, wapi! Betri yaisha kabla mweka hazina hajamaliza kusoma hesabu. Msikimbilie kuiuza, huenda haijaharibika.

Nyuma ya kioo kuna taa, nayo ni mlaji mkubwa wa betri. Taa hiyo huongozwa na programu ndogo iitwayo draiva. Shida ni kwamba laptopu moja yaweza kuwa na draiva kadhaa za kazi hiyo hiyo. Ile ya video hupitia maagizo ya ACPI yaliyowekwa kiwandani. Ya vendor ni ya kampuni iliyounda laptopu. Ya native huiamuru chipu ya picha moja kwa moja. Mwajua wenyewe: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kitufe kikimwamuru nahodha asiyeshika usukani, taa haisikii. Tangu Linux 6.1, iliyotoka Desemba 2022, Linux yenyewe humchagua mmoja, lakini mara nyingine hukosea.

Fanyeni hivi:

1. Kwanza nakilini hesabu zenu kwenye flashi.

2. Fungueni dirisha la amri, mwandike: ls /sys/class/backlight. Mtaona draiva iliyopo, mfano acpi_video0 au intel_backlight.

3. Zimeni, muwashe upya. Orodha ya GRUB ikitokea, bonyezeni e. Mwisho wa mstari unaoanza na neno linux, ongezeni acpi_backlight=native, kisha bonyezeni F10.

4. Jaribuni kitufe. Kikikataa, rudieni kwa video, halafu vendor. Kioo kikiwa giza msiogope: jaribio hili hufutika laptopu ikizimwa.

5. Iliyokubali, iongezeni katika faili /etc/default/grub, ndani ya alama za kunukuu za mstari GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT. Kwa Ubuntu au Debian, malizeni kwa sudo update-grub.

Sasa punguzeni mwanga mpaka pale herufi zasomeka bila taabu. Kaeni chini ya mwembe, si juani, maana juani mtalazimika kuuongeza tena. Na mlichobadilisha kiandikeni kwenye daftari la kikundi, ili katibu ajaye asianze upya.