Mfupa Uliogoma Kuunga

Mfupa wa muundi ukivunjika, kwa kawaida huunga ndani ya miezi michache. Wapo wagonjwa, hata hivyo, ambao miezi tisa hupita, picha za eksirei hazibadiliki, na mguu bado unacheza palepale ulipovunjika. Tiba iliyozoeleka ni upasuaji wa pili: kukwangua kovu lililojaa kwenye ufa, kubadilisha chuma, na mara nyingi kupandikiza mfupa uliochotwa kwenye nyonga. Ni maumivu mengine, gharama nyingine, na miezi mingine bila kazi.

Je, mfupa huo unaweza kuamshwa bila kisu? Wazo lenyewe lina mashiko. Seli za mfupa huhisi mkandamizo na mtikisiko, kisha hujenga kulingana na kazi zinayopewa. Ndiyo maana mifupa ya wanaanga hupungua uzito wakikaa muda mrefu angani.

Njia ya kuutikisa mfupa kutoka nje ilitokana na tiba ya figo. Mwaka 1980 mjini Munich, Christian Chaussy na wenzake walianza kuvunja mawe ya figo kwa mawimbi ya mshtuko kutoka nje ya mwili. Baadaye majaribio kwa wanyama yalionyesha kuwa mawimbi hayo yakipiga mfupa, mfupa mpya huota. Mwaka 1991 Valchanou na Michailov wa Bulgaria walitoa taarifa ya wagonjwa 82 ambao mifupa yao iligoma au ilichelewa kuunga. 70 kati yao waliunga. Taarifa hiyo haikuwa na kundi la kulinganisha. Ulinganisho ulikuja Italia mwaka 2009: Cacchio na wenzake waligawa wagonjwa 126 wa mifupa iliyogoma, wengine wakapasuliwa, wengine wakapigwa mawimbi 4,000 kila wiki kwa wiki nne. Baada ya miezi sita, takriban saba kati ya kila kumi walikuwa wameunga katika kila kundi. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa, maana waliopigwa mawimbi hawakupasuliwa.

Altrasaundi ni ndugu mpole wa tiba hiyo. Mgonjwa hukaa nyumbani, hupaka jeli juu ya ngozi kupitia dirisha lililokatwa kwenye plasta, kisha huweka kichwa cha mashine hapo kwa dakika 20 kila siku. Hasikii kitu. Marekani iliiruhusu mwaka 1994 kwa mifupa iliyovunjika karibuni, na mwaka 2000 kwa iliyogoma. Lakini mwaka 2016 utafiti wa wagonjwa 501 waliovunjika muundi na kuwekewa chuma ulilinganisha mashine halisi na ya bandia. Hakukuwa na tofauti. Matokeo hayo yanahusu mifupa iliyovunjika karibuni. Kwa iliyogoma, ushahidi mwingi ni wa wagonjwa wasio na wenzao wa kulinganishwa nao, na naona mashine hiyo haistahili kuuzwa kwa bei ya juu kana kwamba imeshathibitika.

Kabla ya kulipia mashine yoyote, mgonjwa aulize mfupa wake umegoma kwa nini. Ukiwa na usaha, usaha utolewe kwanza. Vipande vikiwa vimeachana, wimbi halitavisogeza. Ukiwa unacheza, utulizwe kwa chuma au plasta, hata kama mawimbi yatafuata. Anayevuta sigara aache, kwani sigara huchelewesha mfupa kuunga. Baada ya mawimbi ya mshtuko mguu hupumzishwa kwa wiki kadhaa, kisha eksirei hurudiwa, na mara nyingi jibu la kuaminika huonekana baada ya miezi mitatu hadi sita.